Fundo la Bi Ushungi

Ijumaa ile mji wa Tabora ulikuwa umejifungia ndani mapema, kama kawaida yake ya siku hizi. Si kwa kuogopa wezi. Wezi wenyewe walikuwa ndani wakitazama. Saa kumi na mbili jioni *Ufalme wa Chumvi* uliingia kwenye vioo vya nyumba zote, na aliyethubutu kubisha hodi kwa jirani saa hiyo alihesabiwa kuwa hana malezi.

Kalunde Msonde hakuwa na bahati ya kutazama kwake. Alitazama kazini, ndani ya chumba cha matangazo cha Redio Mbiu, vipokea sauti vikimning'inia shingoni, maana tamthilia ikiisha tu kipindi chake kilianza. Kazi yake ilikuwa kubashiri. Katika *Ufalme wa Chumvi* hakuna mtu aliyekuwa yule aliyejidai kuwa: mchunga mbuzi alikuja kuwa mwana wa mfalme, na mganga wa ikulu akaja kuwa ndiye aliyetia sumu kisimani. Kalunde aliwabashiri wote wawili kabla mtunzi hajawafunua, na tangu hapo wasikilizaji kutoka Kigoma hadi Mombasa walimwita Jicho. Yeye alijifanya halipendi jina hilo. Uongo mtupu. Akiitwa Jicho sokoni alitembea tofauti.

Swali la mwaka lilikuwa moja tu: Bi Ushungi ni nani? Mwanamke huyu aliingia kwenye hadithi amejifunika ushungi mweusi kuanzia utosini hadi kidevuni, akikaa kwenye lango la ufalme na kuwaponya watu waliolambwa na upepo wa chumvi. Hajawahi kufunua uso. Wengine walishikilia kuwa ni Malkia Sitamani aliyezama zamani. Wengine walisema ni pacha wa mfalme. Kulikuwa na watu waliokosana na wakwe zao kwa jambo hilo.

"Tazama mkono wake leo," Shomari Pazi alisema kutoka upande wa pili wa kioo cha studio. Pazi alikuwa fundi mitambo wake, Mzaramo wa Kisarawe, na kwa hiyo mtani wake yeye Mnyamwezi. "Baraza zima la mashabiki litasema ni ishara ya kifalme. Utaona."

Kwenye tamthilia, mjumbe alikuwa amemletea Bi Ushungi habari kwamba jeshi liko njiani. Bi Ushungi alishika pindo la nguo yake, akapiga fundo, akapiga la pili juu yake, kisha lile la pili akalilegeza nusu na kuliacha hivyo. Ndipo akainuka.

Taa nyekundu ikawaka. Walikuwa hewani. Msikilizaji wa kwanza, mwalimu mmoja wa Nzega, alikuja na maneno yake tayari: mafundo mawili ni nembo ya nyumba ya Sitamani, kwa hiyo malkia yu hai, mjadala umefungwa.

"Mwalimu, umefunga mjadala na mlango uko wazi," Kalunde akasema, na Pazi akacheka upande wa pili. "Hilo si fundo la kifalme. Hilo ni fundo la wafuga nyuki wa Sikonge. Mtu akienda kwenye mzinga anafunga fundo kwenye nguo, anamfunga nyuki mdomo. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyohivyo, tena yeye alifunga la pili, akalilegeza, akisema nyuki naye lazima aachiwe njia ya kutok..."

Hakumaliza. Wafuga nyuki wa Sikonge hufunga fundo moja. Lile la pili lilikuwa la bibi yake peke yake. Watu wa mzingani walimcheka kwa ajili ya fundo hilo mpaka alipokufa. Alilifundisha kwa wajukuu wawili tu. Mmoja alikuwa Kalunde. Mwingine alikuwa Nyanzala, mdogo wake, ambaye hakuna mtu aliyemtia machoni kwa miaka minne.

"Jicho?" mwalimu wa Nzega aliuliza. "Upo?"

Pazi alimwona amekauka, akaweka muziki.

*

Alifika nyumbani akamkuta mama yake amekaa mbele ya kioo, anachambua kunde kwenye ungo. Mama yake, Bi Mwashi, aliitwa Mayu na nyumba nzima kwa desturi ya Kinyamwezi, na hakuwa mtu wa siri. Furaha ikimpata, mtaa mzima wa Isevya ulipata habari kabla hajafunga mdomo. Huzuni nayo vilevile.

"Leo umekatisha maneno redioni," Mayu alisema. "Umeumwa?"

"Mtambo tu, Mayu."

"Mtambo." Mama alimtazama, akarudi kwenye kunde zake.

Kalunde aliingia chumbani, akafunga mlango, akakiomba kioo kidogo cha ukutani kimrudishie Bi Ushungi kuanzia siku ya kwanza. Alimtazama kwa jinsi ambayo hajawahi kumtazama, bila nadharia. Alimwona akinyanyua mtungi kwa mkono wa kulia na kuusindikiza kwa wa kushoto, kwa sababu wa kushoto haukunyooka hadi mwisho. Ule mkono Kalunde aliujua. Yeye ndiye aliyeushikilia kwenye benchi la hospitali siku Mihayo, mume wa Nyanzala, alipouvunja kwa mchi kwa sababu chai ilichelewa.

Aliketi kitandani, akacheka, kisha akalia, kisha akaogopa. Furaha ile ya kwanza haikudumu hata dakika. Mdogo wake yu hai! Lakini alikuwa hai mbele ya macho ya watu wote, na kati ya watu wote hao Mihayo naye alikuwa na kioo.

Waigizaji hawakuwepo tena siku zile. Mtambo ulioitwa Kinu ndio ulioigiza. Kila nyumba ilikuwa na kioo cha afya kilichowekwa kwa sheria, cha kumwonya mwenye nyumba kwamba presha inapanda au goti linaanza kufa. Kioo kiliona watu wakitembea, wakijikuna, wakinuna. Kampuni ya Upindo ilipeleka yote hayo kwenye Kinu, Kinu kikayasaga, na kutokana na unga huo kikafinyanga wafalme na wachunga mbuzi. Sheria ilitaka kila mhusika achanganywe kutoka kwa watu wasiopungua mia, ili asiwepo wa kusema yule ni mimi. Kwa Bi Ushungi mtu fulani kule Upindo alifanya uvivu. Uso umefunikwa, atamjua nani? Wakamchukua mwanamke mmoja mzima, kama alivyokuwa kwenye kioo cha mahali fulani, wakamtupia ushungi.

Nyanzala alikuwa katika nyumba ya stara, ya kuwaficha wanawake waliokimbia kipigo, na mahali ilipo hata Kalunde hakuambiwa. Alipewa jina jipya. Uso daktari aliubadilisha kidogo. Mwendo wa mtu hakuna daktari anayeubadilisha.

Na kulikuwa na sheria nyingine, iliyotungwa kwa nia njema kama nyingi zinazoua watu. Ndugu wa damu au wa ndoa akiamini mhusika fulani ni mtu wake, angeweza kudai, na Upindo walilazimika kumwonyesha kioo kilichomchukua mtu huyo kiko wapi. Alihitaji kitu kimoja tu: shahidi wa damu aliyetamka hadharani kwamba mwendo ule ni wa ukoo wao.

Mihayo alikuwa hajampa Nyanzala talaka. Na Kalunde, kwa kiherehere chake mbele ya mwalimu wa Nzega, alikuwa amebakiza jina tu.

*

Baraza lilikuwa uwanja wa mashabiki, mahali pa kubishana kwa sauti baada ya kipindi, kila mtu na jina la bandia na sauti iliyokorogwa isijulikane. Jumamosi asubuhi Kalunde aliingia humo kutoka studio, Pazi akiwa pembeni na kikombe cha uji. Alikuwa amemweleza Pazi kila kitu. Alihitaji mtu mmoja wa kumweleza la sivyo angepasuka.

Walikuta vurugu ya kawaida, isipokuwa sauti moja iliyokuwa ikirudi palepale. Mwenyewe alijiita Mwana wa Maneromango.

"Jicho alisema bibi yake," sauti hiyo ilisema. "Basi amtaje huyo bibi. Aseme ukoo. Aseme nani mwingine aliye hai anafunga fundo hilo. Nadharia bila ushahidi ni umbea."

"Mbona una haraka, ndugu?" mtu mmoja akamuuliza. "Ni tamthilia tu."

"Mimi napenda ukweli."

Kalunde alimshika Pazi bega. Alizima kipaza sauti chake. "Ni Mihayo."

"Huenda ni shabiki tu," Pazi akasema. "Wapo wendawazimu kuliko huyu. Yule anayesema mfalme ni mbuzi?"

"Yule hajauliza nani aliye hai."

Pazi alikoroga uji, akafikiri. "Anasema ni mtu wa Maneromango. Huko ni kwetu. Mama yangu kazaliwa huko. Subiri, nimpe chambo." Akawasha chake. "Mtu wa nyumbani, habari za huko! Mimi Pazi, fundi wa Jicho. Hivi tutamwachia huyu Mnyamwezi atutawale mpaka lini? Hata ukimpa kiti hakikalii, anakibeba kichwani anauliza kinapelekwa wapi. Nisaidie, peke yangu nimechoka naye."

Baraza likaanza kucheka. Kalunde, ingawa roho ilikuwa mkononi, alijua zamu yake. "Pazi, wewe nyamaza. Mzaramo akisikia ngoma anamwacha maiti njiani akacheze kwanza."

Utani ukipakuliwa hivyo mezani, hakuna Mzaramo anayekataa kula. Hata aliyefiwa asubuhi ile angejibu. Msibani ndipo watani hujibizana zaidi. Walisubiri.

"Turudi kwenye mada," Mwana wa Maneromango akasema.

Pazi aliweka kikombe chini taratibu. Aliongeza chumvi. "Mada ni hiyohiyo, bwana. Babu zao walibeba pembe za ndovu toka huku mpaka pwani, wakifika wanatuuliza bahari iko upande gani! Tukiwaonyesha wanaogopa, wanasema mbona hili bwawa halina ng'ambo. Sasa watu hao ndio watujulishe mafundo?"

Hapo sauti ilikuja kwa kasi. "Chunga mdomo wako. Waliobeba pembe walikuwa wanaume. Nyinyi wa pwani mlikaa kivulini mkingoja kula jasho lao, na mpaka leo hamjui kazi."

Mzaha ulikuwa umevunjika. Wengine walidhani ni mchezo, wakacheka kwa kuchelewa. Pazi hakucheka. Alizima kila kitu, akamgeukia Kalunde.

"Huyo si wa kwetu," alisema. "Huyo ni wa kwenu, tena mwenye hasira za karibu."

Kalunde alikuwa akimkumbuka Mihayo kwenye harusi yake mwenyewe, alipotaka kumpiga mzee wa Kizaramo kwa utani uleule wa pembe, na watu wakamshika mikono. Siku ile walisema ni pombe.

*

Walitafuta njia siku nzima. Kalunde angeweza kukaa kimya. Lakini kimya kingemfanya Mihayo atafute binamu yeyote wa Sikonge na kumlewesha mpaka aseme. Angeweza kuwaendea Upindo awaombe wamwondoe Bi Ushungi. Lakini ombi lenyewe lilikuwa ushahidi, na Upindo wakishaupokea ilibidi watangaze. Angeweza kudanganya hewani, aseme fundo ni la ukoo mwingine. Hilo lilimvutia sana mpaka Pazi alipomuuliza ni mwanamke gani wa ukoo huo atakayebishiwa hodi.

Jioni Pazi alikuwa bado amekodolea macho sheria ya Kinu kwenye kioo cha ofisi. Alisoma, akarudia, akaegemea kiti.

"Sema," Kalunde akamwambia.

"Sitaki kusema."

"Pazi."

"Marehemu hadaiwi," Pazi akasema. "Mtu akifa, kioo chake kinafungwa moja kwa moja. Hata mume hakifungui. Na mhusika wake anaondolewa, maana marehemu hachezeshwi."

Kalunde alielewa upesi kuliko alivyopenda. "Basi tuseme alivuka ziwa, akaugua kule ng'ambo, akazikwa na watu asiowajua. Hakuna kaburi la kuonyesha."

"Wanalo jibu la hilo. Kifo kisicho na kaburi kinathibitishwa na vioo vya familia. Kioo kinawapima wafiwa mpaka arobaini iishe: usingizi, hamu ya kula, mwendo, pumzi. Huzuni ya uongo kinaijua. Watu walishajaribu kwa ajili ya mirathi, wakashikwa." Alisita. "Wewe hawatakupima. Ndugu hawapimwi. Wanampima mzazi."

Redio ya chumba cha jirani ilikuwa ikisoma bei za asali. Kalunde alisikiliza bei zote.

"Kwa hiyo Mayu asijue," alisema.

"Mama yako akijua mwanawe yu hai, kioo kitaona siku hiyohiyo. Yule mama akifurahi hata kuku wanajua." Pazi alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Kalunde, mimi ni mtani wako, mambo ya msiba ni kazi yangu, ila hili sikushauri. Utamzika mtu hai ndani ya moyo wa mama yake? Je, akifa kwa uchungu?"

"Na Mihayo akifika kwenye nyumba ya stara?"

"Pengine hatafika."

"Alimvunja mkono kwa ajili ya chai, Pazi."

Kalunde alimwonea mama yake huruma mpaka ikamuuma kifuani. Na chini ya huruma hiyo alijikuta akimtilia shaka mtu mwingine, yaani yeye mwenyewe. Je, hakuwa anatafuta tu njia ya kufuta kosa la mdomo wake, na bili anampelekea mama? Aligeuza swali hilo kila upande. Halikumjibu, na Mihayo hakuwa akimngoja amalize kufikiri. Jumapili asubuhi Mwana wa Maneromango alitangaza Barazani kwamba anasafiri kwenda Sikonge kutafuta wafuga nyuki wa zamani.

*

Kalunde alitangaza Jumapili hiyohiyo adhuhuri, katika kipindi cha salamu, bila muziki.

Alisema fundo lile ni la bibi yake, marehemu Bi Nyamizi wa Sikonge. Alisema waliolirithi walikuwa wawili. Alisema mmoja ndiye anayezungumza. "Na mwingine, mdogo wangu Nyanzala Msonde, tumepata habari amefariki ng'ambo ya ziwa. Bi Ushungi mnayempenda ni mwendo wake. Naiomba Kampuni ya Upindo imwache apumzike."

Neno "amefariki" alilifanyia mazoezi tangu alfajiri, na lilipotoka lilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. Hilo lilimtisha.

Alikuwa amempigia mama kabla ya kuingia hewani, ili asilisikie redioni kama mtu baki. Mayu hakupiga kelele kwenye simu. Alisema, "Nani kakwambia?" Kalunde akasema, "Watu waliomzika, Mayu." Kisha simu ilianguka, na sauti iliyofuata Kalunde aliisikia akiwa bado ameshika simu, na aliendelea kuisikia katika kipindi kizima.

Isevya ikajaa. Mikeka ikatandikwa uani, wanaume nje, wanawake ndani kwa Mayu. Watani wa Kizaramo walikuja wakiongozwa na Pazi, wakamlaumu marehemu kwa kufa mbali ili kuwakwepa, wakanyang'anya sufuria, wakagoma kula mpaka wabembelezwe. Watu walicheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Pazi alifanya kazi yake yote kwa jasho, na kila alipokutana na macho ya Kalunde aliyakwepa.

Mihayo alikuja siku ya pili, alasiri, na kanzu iliyopigwa pasi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimshika Kalunde mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji, pole sana. Nimesikia redioni kama mtu baki."

"Hatukujua ulipo, shemeji."

"Nipo. Nazunguka tu." Hakuuachia mkono. "Aliugua nini?"

"Homa. Ndivyo walivyotuambia."

"Nani waliowaambia? Nami ningependa kuwashukuru."

"Mvuvi mmoja. Simu yake haipatikani tena."

"Haipatikani," Mihayo alirudia, kwa upole. "Mke wangu alikuwa na afya nzuri sana, shemeji. Homa tu?"

"Mtu akikimbia bila nguo na bila hela, shemeji, homa inatosha."

Aliuachia mkono. Kwa desturi mkwe haingii alikokaa mama mkwe wake, na Mihayo hakuingia. Aliomba maji, akayanywa akiwa amesimama mahali ambapo mlango ulikuwa wazi, na kutoka hapo alimtazama Mayu moja kwa moja. Kalunde naye alitazama huko.

Mayu alikuwa ameketi sakafuni miguu imenyooka, kanga imemteleza begani na hakujua. Mwanamke mmoja alikuwa akijaribu kumlisha uji kwa kijiko, na uji ulikuwa ukimtoka upande wa mdomo bila yeye kumeza wala kutema. Alikuwa amezeeka miaka kumi kwa siku mbili. Mihayo alimtazama muda mrefu, kisha akakitazama kioo kilichokuwa ukutani nyuma yake na taa yake ndogo ya kijani inayoonyesha kwamba kinapima. Kalunde aliona mabega ya shemeji yake yakishuka. Aliona, na hakutaka kuamini alichokiona, kwamba Mihayo alikuwa amesikitika.

"Basi," Mihayo alisema, akamrudishia kikombe. "Kazi ya Mungu." Aliondoka bila kungoja dua, na Barazani Mwana wa Maneromango hakusikika tena.

Ijumaa iliyofuata lango la Ufalme wa Chumvi lilikuwa tupu. Baraza lilizua nadharia nyingine kumi na moja kwa jioni moja. Kalunde aliomba udhuru asitangaze. Alibaki chumbani kwake, akitazama lile lango lisilo na mtu, akajiambia sasa hata yeye hana tena njia ya kujua kama mdogo wake yu hai leo.

*

Wiki zilikwenda. Mayu alirudi kula, kidogo. Alirudi kuchambua kunde, ila aliziacha na mawe. Arobaini ilikuwa bado.

Asubuhi moja alimwita Kalunde uani, nyuma ya jiko, kwenye tuta la matembele. Alikuwa amekuja bila fimbo aliyoanza kuitumia tangu msiba, akishikilia ukuta.

"Hapa kioo hakifiki," Mayu alisema. "Nilimuuliza fundi zamani, nilipokuwa namsengenya shangazi yako."

Kalunde alijaribu kucheka. Mama hakucheka.

"Unanificha kitu."

"Kitu gani, Mayu?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuita. Nimezika mume, nimezika mama yangu, nimezika watoto wawili kabla yako. Najua wafiwa wanavyolia. Wewe hulii kama mtu aliyefiwa, Kalunde. Unalia kama mtu aliyeua." Alisogea karibu. "Ulimpeleka wewe huko ziwani? Ulimpa wewe nauli? Kama ndivyo niambie, nikusamehe yaishe. Au..." Kitu kikapita usoni mwake, kitu kidogo, ambacho Kalunde hakuwa amekiona tangu simu ile. "Au mwanangu hajafa?"

Hapo hapakuwa na kioo. Hapakuwa na mtu. Neno moja tu, tena la kunong'ona, na mama yake angepona palepale kwenye tuta la matembele. Angepona, na angerudi ndani, na angepita mbele ya taa ile ya kijani akiwa amepona. Kalunde alikuwa amejiwekea kwamba arobaini ikiisha atamweleza kila kitu, atapiga magoti, watalia pamoja. Alikuwa akiishi kwa ahadi hiyo.

"Amekufa, Mayu."

"Niapie."

"Mayu..."

"Niapie kwa maziwa niliyokunyonyesha. Ukiapa kwa hayo nitaamini, sitakuuliza tena mpaka naingia kaburini."

Na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Kiapo hicho hakitenguliwi. Mtoto akikiapa kwa uongo, mama yake mwenyewe hana namna ya kumsamehe, hata akitaka, hata arobaini ikiisha. Kalunde alimtazama mama yake usoni, akaona kile kitu kidogo kikingoja.

"Naapa kwa maziwa yako," alisema. "Nyanzala amekufa."

Mayu aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na bei. Aliinama, akang'oa gugu moja kwenye matembele, akaliangalia, akalitupa.

"Haya," alisema. "Nishike mkono turudi ndani."

Kalunde akamshika.